Ziwa Langu la Kushoto Lilienda Beni

Mwenzangu uliyeitwa kwenda kupimwa ziwa la silikoni, nakuandikia wewe. Mambo ya ugonjwa wenyewe madaktari watakueleza, nao wanajua. Mimi nitakueleza ya kartoni. Ukishika jambo moja tu katika yote haya, shika hili: fungua kartoni mbele ya aliyekupa, kabla ya kuaga, hata kama gari inapiga honi. Mimi sikufungua, na mimi ndiye mtu anayehesabu kila kitu mara mbili.

Naitwa Kavugho. Huku kwetu jina hilo halimsaidii mtu kunitafuta, maana ukiliita sokoni Butembo vichwa vitano vitageuka. Ndiyo maana wananiita Mama Masika, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Kazi yangu ni kuuza sutien za balo, yaani sidiria za mitumba, mwaka wa kumi na nne sasa. Metre, ule utepe wa kupimia, sina. Mwanamke akitokea kwenye kona ya wauza sabuni, kabla hajafika kwenye meza yangu nimeshamjua: huyu ni tisini na tano, bonnet, yaani kikombe, C, na anajidanganya kuwa ni B. Akibisha namwambia, "Ingia nyuma ya pazia, uvae, utarudi kuniomba pardon." Wanarudi.

Uvimbe niliukuta mwenyewe, mezani, nikichomeka noti za mteja ndani ya sutien, upande wa kushoto. Wanawake wa soko wanaelewa: upande wa kushoto ndio benki. Nilidhani ni sarafu ya Uganda imeteleza. Nikaitafuta ili niitoe. Haikutoka.

Waliponikata, maharagi ya mama yangu kule Musienene yalikuwa yanatoa maua. Walipoondoa ule mpira wa kidondani na kichupa cha maji mekundu nilichotembea nacho chini ya kitenge kama mtu aliyeiba, maharagi yalikuwa yameshavunwa. Kisha zikaja serumu sita, zile dawa kali za mshipani, Kampala, kila moja na safari yake na kutapika kwake. Ya kwanza ilichukua nywele, ya tatu ikachukua ladha ya chumvi, ya nne ikageuza kucha zangu rangi ya mkaa. Nilizihesabu kwenye ukuta wa chumba kwa kalamu ya Masika, na kila nikirudi nilizihesabu tena, isije ikawa wameniongezea moja.

Mume wangu, Kambale, aliona kidonda siku ya tisa, muuguzi alipofungua bendeji. Aliangalia mara moja. Mimi nahesabu mara mbili, yeye moja ilimtosha. Juma lile akasema kuna kazi ya dhahabu Manguredjipa, atakaa wiki mbili. Nilihesabu wiki mbili. Nikahesabu wiki mbili nyingine. Kisha nikaacha, nikaokoa nguvu.

Masika ndiye aliyenisafisha. Ana miaka kumi na tisa. Hakulia hata siku moja mbele yangu na hakusema "itakuwa sawa." Alikuwa anamimina maji mgongoni, anasugua, anamimina tena. Siku moja tu alisema, "Mama, mukono unavimba," akauweka juu ya mto. Ukipata mtu wa namna hiyo nyumbani, usimgombeze juu ya chumvi.

*

Sasa meza. Wakati wa serumu Masika alikuwa ananiuzia, mais, yaani lakini, Masika hana jicho. Anampa mwenye tisini sutien ya mia na tano, kisha anamwambia itarudi ikifuliwa. Wateja walianza kuhamia meza ya jirani, kwa Mama Esperanse, ambaye anauza bidhaa ileile na ameitamani nafasi yangu tangu siku alipofika. Mkubwa wa soko alikuja nyumbani, akanywa chai yangu, akasema kwa upole, "Mama, meza haikai bure. Nakungojea. Mais kama maharagi ya msimu wa pili yanaingia sokoni na bado haujarudi mwenyewe kukaa, ile nafasi itaenda kwa mwenzako."

Nilikuwa nimebakiza meza ile tu. Kambale alikuwa Manguredjipa, serumu zilikuwa zimekula vingine vyote.

Nikarudi. Nilishona kifuko cha kitambaa, nikakijaza maharagi ya Musienene, yale madogo mekundu, vikombe viwili na nusu. Uzito ulikuwa sawasawa, nilipima kwa kiganja, ziwa huku, maharagi huku. Juma la kwanza lilipita salama. Juma la pili mvua na jasho. Juma la tatu nilikuwa namwonyesha mteja mmoja bretelle, ile mikanda ya begani, nikasikia kitu kinanikwaruza. Nikainama kuangalia. Kichipukizi kilikuwa kimetoboa kitambaa, cheupe, kimeinua kichwa kati ya vifungo vya blauzi.

Mama Esperanse alikiona kabla yangu.

"Yesu! Bamama, mukuje! Mama Masika anaota majani!"

Wakaja. Soko haliitwi mara mbili.

"Mama Masika," akasema Mama Esperanse, akijifuta machozi ya kicheko kwa sutien yangu, siyo yake, "niko nauliza tu. We unauza sutien nzima, mais we mwenyewe unavaa nusu. Hapana utuuzie kwa nusu bei?"

Tangu siku ile jina langu likawa Nusu Bei. Wanawake waliokuwa wananiomba pardon walikuwa wanasimama mbele ya meza, wanashika sutien, wanaangalia kifua changu, kisha wanasema bila kucheka, "Nusu bei?" Nilikunja bidhaa zangu kabla ya saa sita mchana, nikaenda nyumbani. Maharagi niliyapika. Yalikuwa mazuri tu.

*

Muuguzi aliyekuwa ananifunga bendeji ndiye aliyetuma habari: kuna mama anatoka Bukavu, Mama Jeannette, fundi wa maziwa ya silikoni, atapima wanawake siku moja tu hospitalini hapa Butembo. Amekuja na kartoni kumi na mbili. Zikiisha zimeisha, na harudi.

Nilifika nikijiona wa kwanza, nikakuta wanne wamefika kabla yangu. Tukaketi kwenye benchi la korido, mlango unanuka kloro. Nilihesabu: wanawake tisa, maziwa tisa. Nikahesabu tena: maziwa manane. Mmoja, mwanamke wa Luofu mwenye shali ya njano, hakubakiwa na lolote. Alikuwa ameketi wima kuliko sisi wote.

Kando yangu aliketi mwanamke mnene sana, amejaza nafasi ya watu wawili na kicheko cha watu watatu. Muuguzi alitoa kichwa mlangoni akaita, "Kavugho!" Tukasimama wote wawili.

"We njo Kavugho?" akaniuliza, akitaka kujua kama ndiye mimi.

"Njo mimi."

"Na mi pia. Basi bachague. Mi natoka Beni, nauza mawese. Walikukata wapi?"

"Kushoto. Na wewe?"

"Kuume." Akapiga paja. "Ma chère! Tukiingia ndani ya sutien moja, tunatosha mutu mumoja muzima. Mais yule mutu atatembea upande, sababu langu ni kubwa."

Hata mwanamke wa Luofu alitikisika mabega. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu akicheka jambo hili bila kunicheka mimi. Tukaandikiana namba za simu. Akaniahidi kwamba siku moja atakuja kununua kwangu, na mimi nikamwahidi bei ya Beni, ambayo ni ileile ya Butembo pamoja na heshima.

Mama Jeannette alikuwa mtu mdogo, mkavu, vidole vya baridi. Alizungusha metre chini ya kifua changu.

"Tisini."

"Mimi ni tisini na tano, bonnet B," nikasema. "Nimeuza sutien miaka kumi na nne."

"Metre inasema tisini."

"Metre yako imevutwa."

"Mama," akasema bila kuinua macho, "metre iko vilevile. Ni wewe mwenye kukonda."

Mimi niliyepima vifua vya nusu ya Butembo kwa jicho, changu sikukijua. Akachukua ziwa la kujaribia, akalitia kwenye mfuko ulioshonwa ndani ya sutien, akanivalisha. Lilikuwa baridi kama kuku aliyechinjwa jana. Lilikuwa zito, lakini uzito wa kweli, unaokaa mahali pake na kukuvuta bega kidogo kama lile la zamani. Kisha akanigeuza kwenye kioo.

Nilihesabu: mawili. Nikahesabu tena: mawili. Nikaanza kuhesabu mara ya tatu. Mama Jeannette akangoja, akaniletea kikombe cha chai ya maziwa kutoka kwa thermos yake mwenyewe, akaenda kumpima mwingine. Kile kikombe sijakisahau.

Baada ya saa nane alitugawia kartoni, kila moja imefungwa kwa skochi, utepe wa gundi, ndani ziwa na sutien yake. Juu alikuwa ameandika kwa feutre, kalamu nene ya wino, jina na herufi. Yangu: *Kavugho G*. Ya mwenzangu: *Kavugho D*. Alitupa mikononi, kila mmoja yake, akarudi ndani kwa mwanamke wa Luofu, ambaye alikuwa na kartoni mbili.

Nje gari za Beni zilikuwa zimeshapanga mstari kuungana na convoi, msafara unaolindwa na askari. Dereva wa Kavugho alikuwa anapiga honi bila kupumzika, maana convoi haimngojei mtu, na barabara ile haupiti peke yako.

Hapo ndipo akili yangu ya sokoni ilipofanya kazi yake. Niliangalia kartoni. Nikaangalia mwili wa Kavugho. Nikaangalia kartoni tena. Mara mbili, kama kawaida.

"Kavugho, ngoja. Bamekosea."

"Namna gani?"

"Soma. Kwa mabalo, P ni petit, kidogo, M ni moyen, katikati, G ni grand, kikubwa. Sasa kati yangu na wewe, nani ni grand?"

Akacheka. "Mama, hapana nitukane."

"Na D ni dames. Bamama ba kawaida. Ile njo yangu. Lete."

"Tufungue kwanza tuone."

"Gari itakuacha! Miaka kumi na ine niko nafungua mabalo. Mi hapana jua?"

Akanitazama, akaniamini. Tulibadilishana kartoni katikati ya uwanja, honi inalia, na akakimbia, yaani alitembea haraka kwa namna yake, akipunga ziwa langu juu ya kichwa.

G ni *gauche*, kushoto. D ni *droite*, kuume. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Mama Jeannette hakukosea hata herufi moja. Kosa lilitoka kwangu, kutoka kwa ujuzi wangu.

*

Nyumbani Masika alikata skochi kwa wembe. Alilitoa, akalishika kwa mikono miwili.

"Mama," akasema polepole, "ni la nani?"

Lilikuwa saizi ya mia na tano, la kuume. Maziwa haya si duara kama unavyodhani, yana mkia mmoja mwembamba unaopaswa kuelekea kwapani. Nikiliweka kushoto, mkia ule ulielekea katikati ya kifua, kama mtu aliyepotea njia anauliza. Sutien iliyokuja nalo ingetutosha mimi na Masika pamoja. Masika alishona mfuko kwenye sutien yangu, tukalisukuma ndani. Akasimama mbali, akaangalia.

"Hapana kwenda na hii, Mama."

Nilienda. Kule Musienene walikuwa wamepanda tena, maharagi yalikuwa yamefika magotini, na nilijua kuhesabu.

Kwenye kona ya wauza sabuni nilikuwa salama. Kwenye wauza ndizi nilikuwa salama. Nilipoketi na kuinua mkono kutundika sutien ya kwanza, ziwa likageuka lenyewe, polepole, kama mtu anayegeuka kitandani. Msichana mmoja aliyekuwa anachagua saizi akatazama, akaziba mdomo.

"Nini?" nikasema.

Mama Esperanse akamjibia. "Hakuna nini. Ni ziwa lako moja linaangalia Manguredjipa, ile ingine inaangalia Uganda."

Unaweza kusema ni mzaha. Lakini alichagua Manguredjipa kwa makusudi. Soko zima lilijua ni nani yuko Manguredjipa, na kwamba hayuko kule peke yake. Mimi ndiye nilikuwa sijaambiwa. Niliambiwa hivyo, mbele ya sutien mia na sitini. Nilizihesabu nikizikunja, ili nisilie.

*

Nilipiga simu Beni. Kavugho aliitikia akicheka.

"Mama Masika! Ziwa lako ni la mutoto! Nimeliweka, mukwe wangu akaniuliza kama lingine liko kwa kufuliwa!"

"Na lako liko nanivuta mpaka chini," nikasema. "Nikipita, linanitangulia."

Tulicheka mpaka salio likakatika. Alinipigia tena yeye. Ikabaki kazi moja ndogo, kubadilishana. Swali likawa nani atasafiri.

Hapa ndipo naomba usome polepole. Mimi napatana bei kama watu wengine wanavyopumua. Sikuweza kuacha hata hapo.

"Uje wewe," nikamwambia. "Wewe ni wa Beni, barabara unaizoea."

"Kuzoea nini? Tukutane katikati."

"Katikati ni musitu. Watatukata na yale yenye kubakia."

"Basi kuja, nitakupikia samaki."

"Nikija, meza inapotea. Wewe mawese yako yanangoja, hayaozi. Tena ukikuja nitakupa sutien tatu bure, za balo mupya, saizi yako, ambazo hapa Butembo haziko kwa mutu mwingine."

Nilimtolea sababu tano. Niliongeza ya sita nilipoona analegea. Mwishowe akasema, "Aya, mama, umeshinda. Nitakuja mimi. Mais uache hiki kikohozi kipite kwanza."

Nilikata simu nikiwa na furaha ya kushinda. Kikohozi. Mimi ninayesikia uongo wa mteja kutoka kona ya wauza sabuni, neno lile lilinipita kama gari.

Alikuwa aje juma lililofuata. Barabara ikafungwa. Kisha ikafunguka, akasema mgongo. Kisha akasema mgongo na kikohozi. Nilikuwa nampigia kila Jumapili baada ya misa, na bila kutaka nilianza kuhesabu: maneno kati ya kikohozi na kikohozi. Jumapili ya kwanza kumi na mawili. Jumapili ya tatu saba. Jumapili ya tano manne. Katika yale manne alisema, "Ziwa lako liko salama."

Ningeweza kwenda Jumatatu ile. Nilikuwa na miguu na kartoni. Nilisema nitaenda maharagi yakikauka, convoi zikipungua bei. Ndivyo nilivyosema.

Siku ya Jumanne simu ililia, sauti ikawa nyingine.

"Njo wewe Kavugho wa sutien?"

"Njo mimi."

"Mi ni Zawadi, mudogo yake Kavugho. Yaya, dada yangu, alikufa jana. Tutazika kesho. Alisema ziwa lako lirudi kwako. Alisema mara mbili. Mais bamama ba kanisa bamekwisha kumuvalisha nalo."

*

Kwenye convoi ya asubuhi niliweka kartoni ya D kwenye magoti. Kwenye kizuizi cha pili askari mmoja akaifungua. Akatazama. Akaingiza kidole, akakitoa haraka.

"Mama, oyo nini?"

"Libele," nikamjibu kwa Lingala yake, yaani ziwa.

"Ya nani?"

"Ya mufu."

Alifunga kartoni kwa heshima zaidi kuliko alivyoifungua, akatupungia tupite. Mama aliyeketi karibu nami alisogea hadi dirishani.

Beni, uwanja wa Kavugho ulikuwa umejaa wanawake wa rozari. Sanduku lilikuwa kwenye salo, yaani sebuleni, halijafungwa. Zawadi alikuwa mwembamba, anafanana na dada yake kwenye meno tu. Nilimweleza sikioni. Lakini nani anaweza kusema neno kama hilo kwa sauti ndogo ya kutosha? Mwanamke mmoja mkubwa, mwenye kanga ya chama cha kanisa, akasimama.

"Huyu anatafuta nini kwa mufu?"

"Ni rafiki yake," akasema Zawadi.

"Rafiki mwenye kuvua mufu nguo? Tunajua jina la watu wa namna ile."

Rozari ilisimama. Jina lenyewe hakulisema, mais kila mmoja alilisikia: mulozi, mchawi. Nimetukanwa Nusu Bei, nimechekwa kwa kuota majani, na sikuwahi kuogopa soko kama nilivyoogopa uwanja ule. Na nilijua nikirudi mikono mitupu, kartoni ya Mama Jeannette haipo tena duniani kwa ajili yangu, na maharagi ya msimu wa pili yameanza kuvunwa. Nilitaka kusema sababu tano. Sikupata hata moja.

Zawadi alinishika mkono, akaniingiza salo, akafunga mlango, akaegemea juu yake.

"Unabeba ngapi?" akaniuliza.

"Moja."

"Unaacha ngapi?"

"Moja."

"Basi fanya. Haraka."

Kavugho alikuwa amevalishwa gauni la hudhurungi la Pasaka. Nilifungua vifungo vya mbele. Ziwa langu lilikuwa upande wake wa kuume, limetiwa ndani ya sutien yake ya zamani na kushikwa kwa vitambaa, mkia umeelekea katikati, linauliza njia. Nililitoa. Kisha nikamtazama kwa jicho, kama ninavyomtazama kila mtu, na jicho halikunidanganya: themanini na tano. Yule mwanamke wa watu wawili alikuwa amekwisha kuwa nusu ya mtu. Sutien yake ya mia na tano, mpya, iliyokuja na kartoni, ingemzunguka na kubaki.

Nina pini siku zote. Nilimvua ile ya zamani, nikamvalisha mpya, nikaikunja mgongoni mara mbili na kuibana kwa pini nne, bretelle nikazifupisha mpaka mwisho. Zawadi alimwinua mabega. Nikatia ziwa la kuume upande wa kuume, mkia kwapani. Lilikuwa kitu kinene kuliko vyote vilivyobaki kwenye mwili ule. Nilisawazisha, nikarudi nyuma hatua moja, nikaangalia, nikasogea, nikanyoosha mkunjo mmoja. Ilikuwa kazi nzuri. Katika miaka kumi na minne, huyo ndiye mteja pekee ambaye hakubisha saizi.

Nilikuwa nimeleta na zile sutien tatu nilizomwahidi. Nikazitia pembeni ya miguu yake, ndani ya sanduku, zimekunjwa.

"Wasingya," Zawadi akaniambia kwa Kinande. Asante. Mapatano ya nani asafiri nilikuwa nimeshinda mimi, na tazama ni nani aliyesafiri.

Tulimfunga vifungo. Zawadi alifungua mlango, akawaambia wale wanawake, "Mukuje muone. Yaya yuko sawa." Waliingia. Yule wa kanga aliangalia kifua, akaangalia tena, akapiga ishara ya msalaba, akaanza rozari pale ilipokuwa imekatika.

*

Sokoni Butembo nilikuta sutien za Mama Esperanse zimekwisha kufika nusu ya meza yangu. Magunia ya maharagi mapya yalikuwa yanashushwa kwenye gari upande wa pili wa njia. Nilianza kumrudishia bidhaa zake moja moja, nikihesabu kwa sauti. Ishirini na mbili. Kisha nikazihesabu tena mbele yake.

Akaniangalia kifua. Mkia ulikuwa kwapani. Yote mawili yalikuwa yanaangalia mbele.

"Ee, Nusu Bei! Umepata ziwa ingine? Ulilitoa wapi?"

"Nimelitoa kwa mufu," nikasema. "Jana, Beni, kwa mikono hii. Unataka kulishika?"

Nikafungua kifungo cha kwanza. Alirudi nyuma mpaka akaangusha kiti chake. Mkubwa wa soko alikuwa amesimama pale na daftari lake, akalifunga, akaenda kuangalia maharagi. Siku ile hakuna aliyeomba nusu bei.

Mwenzangu, kushoto ni G. Kuume ni D. Muulize anayekupa, hata kama wewe ndiye fundi wa mji mzima. Na jambo la mwisho: asubuhi litakuwa baridi. Wengine hulitia kwanza kwenye maji ya moto, na wewe unaweza kufanya hivyo, si vibaya. Mimi naliweka hivyohivyo, na ubaridi ule niliolitoa nao kwa Kavugho, na naketi kitandani nangoja mpaka lipate joto lenyewe.